Pedali Inayokula Peke Yake

Bukoba, 12 Januari 2025

Kaka Bayingana,

Shikamoo. Huku tumeamka wazima, kasoro goti la Johnson, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mwambie wifi yangu Umuhoza kitenge alichonitumia nimekishona, nikakivaa Krismasi, na wake za wazee wa kanisa waliniangalia ibada nzima.

Nakuandikia kwa karatasi kama kawaida yetu, maana kwenye simu wewe unaeleza mpaka betri inakufa. Hakizimana, yule dereva wa lori, atakuletea akija kupakia mzigo kwenye maghala ya hapo kwenu Gikondo, Kigali.

Jambo lenyewe ni Aurore, kitinda mimba wangu. Amepata kazi hapo hapo Kigali, ofisini Kicukiro, na amepanga chumba Batsinda. Wewe ulimwacha akivuta sketi yangu; sasa ana miaka ishirini na minne na anapiga gitaa. Si la kanisani tu. Kuna bendi inatafuta mpiga gitaa mmoja wa kuzunguka nayo Afrika Mashariki mwaka mzima, na majaribio ni mwezi wa Mei. Anaitaka nafasi hiyo mpaka chakula kinamshinda. Ana pedali mbili za kisasa, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa, anasema hazimpi sauti anayoisikia kichwani. Nikamwambia iko moja kwa mjomba wake.

Mpe ile pedali yetu. Padri alituachia sote wawili, kule Karagwe, siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Mimi sijaigusa tangu nilipoolewa. Sehemu yangu namwachia binti yangu.

Mdogo wako,
Kellen


Gikondo, 20 Februari 2025

Mdogo wangu Kellen,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki tatu mpakani Rusumo ndani ya lori, kwa sababu karatasi za mzigo wa Hakizimana zilikuwa na kasoro. Alinikabidhi ikiwa inanuka dizeli.

Sisi hatujambo. Umuhoza amefurahi kusikia habari za kitenge. Mimi, tangu nistaafu ualimu, sijawahi kukosa kazi. Makanisa ya hapa yananiletea amplifaya zao kila wiki, na Kabera, fundi wa gereji ya jirani, anakuja kunywa chai yangu na kunikosoa.

Kuhusu pedali. Ni vizuri kwanza uelewe kilichomo ndani, maana wewe ulikuwa ukiikanyaga bila kuuliza.

Sauti ya gitaa ikipita kwenye waya ni kama vilima vinavyofuatana, laini juu na laini chini. Transista inavikuza. Lakini haiwezi kukuza kupita nguvu ya betri, kwa hiyo kilima kikitaka kupanda zaidi kinakatwa kichwa. Hicho kilima kilichokatwa kichwa ndicho sikio linachokisikia kama mkwaruzo. Transista za silikoni zinakata kwa kisu kikali, na ukingo unabaki mkali. Hizi za zamani, za jemaniamu, ambazo humu zimo mbili, zinakata kama mtu anavyomega ugali: ukingo unabaki wa mviringo, na sikio linaupenda.

Ila jemaniamu ni dhaifu. Alasiri ya jua kali pedali hii inakoroma na kukatikakatika. Asubuhi ya baridi inaimba. Betri ikiwa mpya mno sauti inachoma, ikichoka kidogo ndiyo inanoga. Kwa hiyo inahitaji mtu anayeijua. Kumpa binti ambaye kutwa yuko ofisini ni kama kumkabidhi mgonjwa bila dawa zake. Nimeitunza miaka thelathini na tisa, tangu ulipoolewa. Transista moja ikifa, sijui nyingine itatoka wapi.

Aurore alikuja kutusalimia mara moja. Amekuwa mrefu. Ana mikono yako.

Kaka yako,
Bayingana


Bukoba, 8 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima. Goti ni lile lile.

Umeniandikia maelezo marefu na sijaona humo neno ndiyo wala neno hapana. Nimemsomea Johnson, akauliza pedali hiyo imelazwa wodi gani.

Unasema umeitunza. Sawa, umeitunza. Lakini Padri alipotuita kutukabidhi, alitushika mikono wote wawili, na unakumbuka ni mkono wa nani alioushika kwanza.

Binti yangu atakuja Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, baada ya ibada. Atakuja na gitaa lake. Mfungulie mlango.

Kellen


Gikondo, 27 Aprili 2025

Mdogo wangu Kellen,

Marahaba, na heri ya Pasaka iliyopita. Nimechelewa kukujibu. Unajua Aprili hapa ilivyo; wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari hakuna aliyegusa nyuzi, nami sikuwa na moyo wa kuandika. Umuhoza alipata mafua makali lakini sasa anaimba kwaya tena.

Aurore alikuja siku uliyosema. Nilimkalisha, nikamweleza kwa saa nzima: vilima, ugali, joto, betri. Alisikiliza kwa adabu, magoti yamekutana kama mwanafunzi. Kisha akaunga waya.

Kwanza aliifungulia sauti yote, na Kabera akatoka gereji na spana mkononi kusema, "Mzee, hii iko na nyuki ndani." Halafu, bila kuacha kupiga na bila kugusa pedali, alikizungusha kile kitufe cha sauti cha kwenye gitaa kwa kidole kidogo, akakishusha kidogo tu. Mkwaruzo ukaondoka wote, ikabaki sauti safi kama kengele. Akakipandisha polepole, na sauti ikaanza kulia. Yote hayo katika wimbo mmoja.

Jambo hilo linaelezeka. Ukipunguza sauti kwenye gitaa, vilima vinakuwa vifupi, havifiki kwenye kisu. Nimelichora ubaoni mara nyingi. Kulifanya kwa kidole kidogo huku wimbo unakwenda ni jambo jingine. Wewe ulikuwa ukilifanya. Mimi nimelijaribu tangu ulipoolewa.

Kabera aliketi kwenye tairi mpaka mwisho, akaniambia, "Mzee, kumbe inaweza kuimba? Wewe iko unapiga hii miaka yote, sijawahi sikia hivi." Kabera ana masikio ya injini, lakini nimekuandikia alivyosema.

Sikumpa siku ile. Nilimwambia aniachie niisafishe, maana haifai kwenda mbele za watu na kutu. Nikaisugua yote kwa msasa, nikaipaka rangi ya kijani tabaka mbili, nikatia betri. Inapendeza. Nimemkabidhi jana baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na nimemweleza yote yanayohitajika.

Kwa hiyo neno lako limetimia.

Bayingana


Bukoba, 15 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Johnson amepewa mkongojo na hataki kuonekana nao, kwa hiyo anaubeba begani kama jembe. Binti wa jirani ameolewa, tumekula pilau siku mbili. Mvua imepungua. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweusi, mmoja wa rangi ya majivu, wote wananyonya vizuri.

Aurore amenitumia kwenye simu sauti ya mazoezi yake. Nimesikia.

Hiyo rangi uliyopaka, umepaka pande zote? Hata chini? Nauliza tu.

Naona giza linaingia na sijachota maji. Msalimie wifi.

Kellen


Gikondo, 1 Juni 2025

Mdogo wangu Kellen,

Marahaba. Barua yako ya Mei ilinifikia juzi tu, majaribio yakiwa yamekwisha. Nadhani Aurore amekupigia simu, lakini mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitakusimulia.

Yalifanyika Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, ukumbi mmoja wa Kicukiro. Nilikaa safu ya nyuma. Walikuwa vijana tisa, na kila mmoja alipewa dakika chache za kuunga vyombo vyake na kupiga. Asubuhi ile Aurore alikuwa amezifunga pedali zake tatu kwenye ubao mmoja, waya zimelazwa vizuri, zote zikila umeme wa adapta moja. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe. Alisalimia, akapiga uzi wa kwanza, na hakukutoka kitu.

Alichomoa, akachomeka. Akainama. Hata mimi kule nyuma niliipata harufu ya plastiki iliyopata moto. Akawa anachomeka waya mahali ambapo tayari pana waya. Msimamizi wa bendi, anaitwa Valens, alisubiri kwa ustaarabu, kisha akasema, "Pole dada. Anayefuata."

Aliyefuata ni kijana anaitwa Cyusa. Wamemchukua yeye. Anapiga kwa kasi.

Adapta za siku hizi ni dhaifu sana. Nimeipima pedali yetu, haina tatizo lolote. Aurore amejikaza. Umuhoza anakusalimu.

Bayingana


Bukoba, 22 Juni 2025

Kaka,

Nimeandika salamu mara mbili nikazifuta. Shikamoo.

Kwa hiyo sasa imekuwa pedali yetu.

Mwaka 1984 uliitoboa tundu la adapta ili tupumzike kununua betri. Siku ya harusi kule Kayanga tukaiunga pamoja na ile pedali ya mwangwi kwenye adapta moja, na bendi ikanyamaza bwana harusi akiwa ameinua mguu kucheza. Ulitueleza kosa lilipo njia nzima ya kurudi, kwa miguu, hadi tukakuomba upumzike. Kesho yake ukachukua rangi nyekundu ya baiskeli, ukaandika chini ya kisanduku kwa herufi kubwa: HII INAKULA PEKE YAKE. Tulicheka mwaka mzima.

Maneno yale yako wapi?

Wewe ulimweleza fundi wa bomba kwa nini maji hushuka. Ulimweleza daktari wa marehemu mama presha ni kitu gani. Binti yangu alikaa mbele yako saa nzima. Umwambie joto, umwambie betri, umwambie vilima, na hilo moja likuponyoke?

Nijibu kwa mstari mmoja.

Kellen


Gikondo, 20 Julai 2025

Mdogo wangu Kellen,

Halikuniponyoka.

Huo ndio mstari wako. Mengine soma ukipenda.

Pedali za leo zimefunga upande hasi wa umeme kwenye bodi. Ile yetu, kwa sababu ya aina ya transista zake, imefunga upande chanya. Kila moja ikila betri yake, hazina ugomvi. Ukizilisha kwa adapta moja, waya za gitaa zinagusanisha bodi zao, chanya na hasi zinakutana bila kitu katikati, na adapta inakufa. Ni sentensi nne tu. Nilikuwa na saa nzima na sikuzisema.

Siku ile ya kwanza sikuzisema kwa sababu alikuja na gitaa tupu na pedali ilikuwa na betri. Nilidhani nina muda. Kisha akapiga. Baada ya pale sikutaka tena kumpa kitu chochote.

Nilipoisugua na kuigeuza, nikayakuta yale maneno mekundu. Nilisimama na msasa mkononi. Kabera akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo, kisha nikaendelea kusugua mpaka chuma kikatoka cheupe. Nilijiambia nitamweleza kwa mdomo siku ya kumkabidhi. Siku hiyo alinishukuru kwa mikono miwili, nikamtazama vidole, nikanyamaza.

Sikutaka kitu kiungue. Nilijua pedali haitadhurika, na adapta hununuliwa nyingine. Nilitaka anyamaze kwa dakika tatu mbele ya watu. Nyinyi mliopiga hamjui maana ya kusimama pembeni ya jukwaa umeshika waya, unajua kila kinachotokea ndani ya ile sauti, na hakuna anayekutazama. Padri aliushika mkono wako kwanza. Nimelibeba hilo tangu siku hiyo. Nimewafundisha watoto wa watu fizikia miaka thelathini na nne, halafu nikamwonea wivu mtoto wa dada yangu kwa sababu ya kidole kidogo.

Niliketi ukumbini nikamwona anainama na ile blauzi nyeupe, na furaha niliyoingoja haikuja. Nilitaka kusimama niseme, "Chomoa ile ya kijani, itie betri." Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Sikusimama.

Sasa nami nina swali. Mwezi wa Mei uliniuliza kama nimepaka hata chini. Ulikuwa umeyakumbuka yale maneno. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya majaribio, barua ilikuwa na safari ya wiki mbili, na wewe ulilijua hilo. Namba ya simu ya Aurore unayo. Mbona hukumpigia?

Kaka yako,
Bayingana


Bukoba, 11 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo.

Nilikusudia nisikujibu. Johnson aliniona natembea na barua yako kwenye mfuko wa aproni wiki nzima, akauliza nani amekufa.

Aurore aliponitumia ile sauti nilikuwa naosha vyombo. Nilisikiliza mpaka pale anapoishusha kwa kidole. Mimi sikumfundisha. Hajawahi kuniona na gitaa hata siku moja. Nikazima simu, nikaosha tena vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Hapa kila mtu anajua kwamba niliacha gitaa kwa sababu mama mkwe alikataza. Hata watoto nimewaambia hivyo. Marehemu hakukataza. Aliwahi kuniomba nimpigie wimbo mmoja tu, na nikamwambia nimesahau. Niliacha kwa sababu Karagwe nilikuwa hodari, na niliogopa kwenda mahali nikakuta si hodari. Ndiyo sababu nzima. Halafu huyu mtoto anataka kuzunguka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam na kidole changu, wala haogopi.

Nilishika simu mara mbili nimpigie. Nikajiambia, Kaka hawezi kuacha kueleza, ameshamwambia. Nikalala nalo hilo. Lakini ulipoandika "tabaka mbili" nilijua, Kaka. Nilikujua tangu hapo. Nikakuuliza wewe, kwa barua, ili niweze kusema niliuliza.

Tangu siku ile ananipigia kila Jumapili kunituliza. Ananiambia, mama usihuzunike, zitakuja bendi nyingine. Mimi nashika simu nasema amina.

Nani atamwambia? Wewe ndiye mkubwa.

Kellen


Gikondo, 7 Septemba 2025

Mdogo wangu Kellen,

Marahaba. Umuhoza anakusalimu, nimemsomea barua zote, na ana siku nne sasa anajibu kwa kichwa tu.

Jana nilikwenda Batsinda. Nimemwambia yangu. Yako sikuigusa, ni ya kwako.

Aurore alinipokea vizuri, akaniwekea chai na mandazi, akaniuliza habari za mgongo. Nilimwambia kabla sijanywa. Nilisema kwamba niliyafuta maneno kwa makusudi, na nilinyamaza kwa makusudi, kwa sababu ya wivu. Aliweka kikombe chini. Nikaanza kumweleza habari za chanya na hasi. Akainua mkono.

"Hiyo niliijua, mjomba. Niliisoma kwenye simu siku ile ile, kabla sijafika nyumbani. Nilidhani umesahau kwa sababu ya uzee. Nilikuwa nakuhurumia."

Nilimwambia sikusahau.

"Nimekusikia."

Alisimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo muda mrefu. Pedali ilikuwa mezani, imetengwa na nyingine mbili, ina betri yake. Jirani alikuwa anafua na tulisikia kila shuka linavyokamuliwa. Nilijiandaa kwa lolote, Kellen. Nilijiandaa anifukuze, nilijiandaa alie, nilijiandaa hata aniombee, maana mmemlea kanisani. Nilikuwa na jibu la kila moja.

Aligeuka akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua:

"Kwani nilipiga vizuri kiasi hicho?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Alingoja niendelee. Unajua mimi ni mtu wa kuendelea. Sikuendelea.

Niliaga. Hakunisindikiza, hata hadi mlangoni, na kwa jinsi ulivyomlea najua hajawahi kumfanyia mgeni hivyo. Nilishuka peke yangu hadi barabarani.

Hakizimana anaondoka na barua hii Jumanne. Mwandikie Aurore. Ana swali lile lile kwako, ingawa bado hajui. Barua iwe fupi.

Kaka yako,
Bayingana